Kutu ya Kweli na Kutu ya Rangi: Somo la Kemia katika Modeli ya Gari

Kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kutamka bila kusita kwamba chuma, maji na oksijeni vikikutana hutokea kutu. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo modeli ndogo ya gari, rangi ya kahawia na brashi, kisha umwambie aichakaze modeli hiyo ifanane na gari lililofanya kazi kwa miaka ishirini. Mara nyingi ataipaka kahawia tangu paa hadi magurudumu, na ukimwuliza kwa nini kutu ameiweka hapa wala si pale, hatakuwa na jibu. Hapo ndipo mwalimu anapotambua kwamba kanuni imekaririwa, haijaeleweka.

Kutu haishiki gari mahali popote inapopenda. Ina mahali inapoanzia, ina njia inayoifuata, na rangi yake hubadilika kadiri inavyozeeka. Mtu anayetaka kuiiga kwa rangi hana budi kwanza kujua mambo hayo matatu. Makala haya yanaeleza kemia ya kutu pamoja na ufundi wa kuiiga, ili mwalimu aweze kuyafundisha yote mawili katika kazi moja ya mikono.

Modeli na skeli yake

Modeli tunayoizungumzia ni mfano mdogo wa gari uliotengenezwa kwa vipimo. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, modeli za magari za kuunganishwa kwa gundi hutengenezwa sana kwa skeli ya 1:24 au 1:25, na zile za metali kwa skeli ya 1:43. Skeli ya 1:24 ilitokana na vipimo vya Kiingereza: nusu inchi ya modeli ni sawa na futi moja ya gari lenyewe. Shule isiyo na modeli ya kununua inaweza kutumia gari la makopo, la mbao au la karatasi ngumu, maadamu vipimo vyake vimeheshimiwa.

Skeli haihusu urefu wa gari peke yake. Inahusu pia uchakavu wake. Chembe ya chumvi ya mezani yenye upana wa milimita 0.4 ni sawa na jeraha la milimita 9.6 katika gari halisi la skeli ya 1:24, yaani karibu sentimita moja. Chembe ya mchanga ya nusu milimita inakuwa jiwe la milimita 12. Kadhalika, anayeitazama modeli kwa umbali wa sentimita 30 ni kama anayelitazama gari lenyewe kwa umbali wa meta 7.2. Kwa umbali huo macho hayaoni kila punje ya kutu. Huona mabaka, michirizi na tofauti za rangi. Kwa hiyo tabaka za rangi ziwe nyembamba sana, na alama ziwe ndogo kuliko mkono unavyotamani kuzifanya.

Kutu ni nini?

Magari mengi yametengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Feleji inapofunikwa na utando wa maji, sehemu moja ya uso wake hupoteza elektroni na kuyeyuka:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ayoni hizo za aina mbili hukutana majini na kufanya hidroksidi ya chuma, Fe(OH)₂, nayo huungana tena na oksijeni:

4Fe(OH)₂ + O₂ → 4FeO(OH) + 2H₂O

Huo mchanganyiko wa oksidi na hidroksidi za chuma ndio tuuitao kutu. Mwanafunzi atazame vizuri: mahali chuma kinapoyeyuka na mahali oksijeni inapopokea elektroni si lazima pawe pamoja. Kila kipande cha feleji kilicholowa ni betri ndogo iliyofungwa waya wake wenyewe. Chumvi huongeza kasi ya jambo hili kwa sababu huyawezesha maji kupitisha umeme vizuri zaidi, na pia kwa sababu huvuta unyevu. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ufikapo kiasi cha asilimia 75. Ndiyo maana bati la nyumba ya Tanga, Mombasa au Unguja huoza upesi kuliko bati kama hilo huko Dodoma kwenye hewa kavu. Uingereza nako magari huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu.

Jambo la pili la kuzingatia ni ujazo. Moli moja ya chuma ina uzito wa gramu 55.85, na kwa kuwa densiti yake ni 7.87, ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 7.1. Moli moja ya FeO(OH) ina gramu 88.85, na kwa densiti ya karibu 4.3 ujazo wake ni kama 20.7. Maana yake ni kwamba kutu huchukua nafasi karibu mara tatu ya chuma kilicholiwa, na zaidi ikiwa na matundu ndani yake. Kutu ikianzia chini ya rangi ya gari, haina pa kwenda. Huisukuma rangi juu ikavimba kama malengelenge, kisha ikapasuka.

Jambo la tatu ni rangi. Kutu changa yenye hewa ya kutosha huwa ya chungwa iliyokolea. Ikikomaa huwa ya hudhurungi. Chini kabisa, mahali oksijeni inapopungua, hupatikana oksidi nyeusi, Fe₃O₄. Basi kutu ya zamani ni nyeusi au kahawia iliyokoza, yenye rangi ya chungwa mahali pachache tu penye unyevu mpya. Wanaoanza kazi hii hufanya kinyume chake: hupaka chungwa kila mahali, na modeli ikaonekana kama iliyomwagiwa mchuzi wa manjano.

Jaribio: tone la maji ya chumvi

Mwanasayansi wa Cambridge, Ulick Richardson Evans, aliyeishi kati ya mwaka 1889 na 1980, alionyesha jambo hili kwa jaribio rahisi ambalo shule yoyote yenye maabara inaweza kulirudia.

Yeyusha gramu 3 za chumvi katika sentimita za ujazo 100 za maji. Ongeza kiasi cha gramu 0.1 cha potasiamu ferisayanaidi na matone machache ya fenoftalini. Sugua kipande cha feleji kwa msasa mpaka king'ae, kisha dondosha juu yake tone moja la myeyusho huo na usubiri. Katikati ya tone patakuwa buluu, dalili kwamba chuma kinayeyuka hapo. Ukingoni patakuwa waridi, dalili ya ayoni za OH⁻. Baadaye kati ya sehemu hizo mbili hutokea duara la kutu. (Tahadhari: potasiamu ferisayanaidi isichanganywe na asidi kali wala isichomwe moto.)

Sababu yake ni hii. Oksijeni ya hewani hufika upesi kwenye ukingo wa tone, ambapo maji ni membamba, na huchelewa kufika katikati. Penye oksijeni nyingi chuma huhifadhika. Penye oksijeni kidogo chuma huliwa. Hivyo shimo huchimbika katikati na kutu hujikusanya pembeni mwake. Tope lililoganda chini ya gari hufanya kazi ile ile ya tone: chuma kilichofunikwa na tope bichi ndicho kinacholiwa, ijapokuwa macho hayakioni.

Kwa mchoraji wa modeli, tone la Evans ni ramani kamili ya jeraha la kutu: nukta nyeusi katikati, duara la hudhurungi kulizunguka, chungwa kidogo ukingoni, na mchirizi mwembamba ukishuka chini maji yanakotiririkia.

Gari moja, metali tatu

Tuchukue mfano wa Land Rover, gari linalojulikana na wasomaji wetu wengi. Kampuni ya Rover ya Solihull, Uingereza, ililionyesha kwa mara ya kwanza Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, feleji ilikuwa ikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, bali alumini ilipatikana. Kwa hiyo mabati mengi ya bodi yalitengenezwa kwa aloi ya alumini na magnesi, na chasisi ikaundwa kwa mabamba ya feleji yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lililofungwa. Ukuta unaotenga injini na abiria nao ulikuwa wa feleji. Bampa na vipande vya kufunika kingo za bodi vilikuwa vya feleji iliyopakwa zinki. Utengenezaji wa magari ya ukoo huo ulikoma Solihull mwezi wa Januari 2016, lakini mengi bado yanatembea.

Metali hizo tatu huchakaa kwa namna tatu.

Alumini haishiki kutu. Huungana na oksijeni upesi sana, lakini oksidi yake hufanya utando wenye unene wa nanomita chache tu, ulioshikamana na metali na kuikinga. Rangi ikikwaruzika kwenye boneti ya Land Rover ya zamani, kinachoonekana ni rangi ya fedha iliyofifia, si kahawia. Modeli ya gari hilo yenye mabaka ya kutu kwenye boneti na madigadi ni kosa la kemia, hata kama imepakwa kwa mkono wa fundi hodari.

Lakini alumini inapogusana na feleji mbele ya maji ya chumvi, mambo hugeuka. Potenshali ya kawaida ya alumini ni volti -1.66 na ya chuma ni -0.44, hivyo alumini ndiyo inayotoa elektroni na kuliwa. Chini ya milango ya gari hili, ambapo bati la alumini limekunjwa juu ya fremu ya feleji, hutokea malengelenge na unga mweupe. Huo ni uchakavu wa kuchora kwa nyeupe na kijivu.

Zinki, yenye potenshali ya -0.76, huilinda feleji kwa kujitoa mhanga. Maadamu zinki ipo, feleji haiguswi. Bampa la namna hiyo huwa la kijivu kilichofifia, lenye madoa meupe. Kutu huonekana tu mahali zinki ilipokwisha.

Chasisi ndiyo nyumba ya kutu. Maji na tope huingia ndani ya sanduku lile na kukaa humo, na feleji huanza kuliwa kutoka ndani kuja nje. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi anayelitazama gari kwa nje huona bodi nzima inayong'aa, kumbe mifupa yake imekwisha.

Vifaa

Kwa modeli moja yatosha kuwa na: rangi ya awali ya kijivu, rangi nyeusi, nyekundu ya udongo, kahawia, manjano ya udongo, chungwa, nyeupe na fedha, brashi moja nyembamba na moja pana, kipande cha sponji, msasa laini, chumvi, vanishi isiyong'aa, na tapentaini kwa rangi za mafuta. Tina kali huyeyusha plastiki, kwa hiyo kila kiyeyushi kijaribiwe kwanza chini ya modeli. Kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, mbali na moto.

Unga wa kutu halisi waweza kutengenezwa shuleni. Weka uzi wa chuma wa kusugulia sufuria katika sahani pana, ulowanishe kwa maji ya chumvi, uache wazi kwa siku kadhaa huku ukiulowanisha tena unapokauka. Kusanya kutu, ioshe kwa maji mara tatu ili chumvi itoke, ianike, isage na kuichekecha kwa kitambaa chembamba. Wako wanaotumia siki ili kuharakisha. Si vibaya, ila siki isichanganywe kamwe na dawa ya kufanyia nguo nyeupe, kwani hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu.

Hatua za kazi

Kwanza, chora ramani ya metali. Kabla ya kugusa brashi, wanafunzi wachore gari kwa penseli na kuandika kila sehemu ni ya metali gani, maji hukaa wapi, na mawe ya magurudumu hupiga wapi. Ramani hii ndiyo somo lenyewe.

Pili, osha modeli kwa sabuni, ikaushe, na uipake rangi ya awali tabaka moja jembamba.

Tatu, paka chasisi kahawia iliyokoza, iliyochanganywa na nyeusi. Ikikauka, chovya sponji katika nyekundu ya udongo, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki rangi kidogo, kisha igusegusishe kwenye maungio na pembe. Rudia kwa hudhurungi mahali pachache zaidi, na mwisho kwa chungwa mahali pachache mno. Kila rangi angavu zaidi ichukue eneo dogo kuliko iliyotangulia.

Nne, paka bodi rangi yake, kisha iongezee nyeupe kidogo na uipitishe juu ya boneti na paa. Jua la miaka mingi huvunja gundi ya rangi na kuacha unga usio na mng'ao, na sehemu zinazoelekea juu ndizo zinazopata jua zaidi. Kwenye kingo za milango na mahali pa kukanyaga, gusa kwa fedha iliyochanganywa na kijivu.

Tano, kwa sehemu za feleji zilizopakwa rangi, kama ule ukuta wa mbele, au kwa bodi nzima ikiwa modeli ni ya gari la feleji tupu, tumia chumvi. Paka kwanza rangi za kutu na uziache zikauke kabisa. Lowanisha kidogo mahali unapotaka jeraha, nyunyiza chembe chache za chumvi, ziache zikauke, kisha paka rangi ya gari juu yake kwa kupuliza au kwa sponji. Ikikauka, sugua chumvi itoke kwa brashi ngumu yenye maji. Rangi itabanduka pale pale ilipokuwa chumvi, na kutu itaonekana chini yake, kama katika gari lenyewe.

Sita, yeyusha kahawia kidogo sana katika tapentaini, uidondoshe kwenye maungio. Myeyusho utajivuta wenyewe ndani ya mifereji, kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa taa. Kwa michirizi, weka nukta chini ya jeraha na uivute kwa brashi safi kuelekea chini. Mchirizi hufuata mvutano wa dunia. Usiokwenda wima umekosewa.

Saba, paka unga wa kutu kwenye chasisi kwa brashi kavu, uushikize kwa vanishi isiyong'aa. Unga utakoza rangi ukilowa vanishi, kwa sababu vanishi huchukua nafasi ya hewa baina ya punje na mwanga hautawanyiki kama awali. Hivyo uchague unga mwangavu kidogo kuliko rangi unayoikusudia.

Vumbi si kutu

Udongo mwekundu wa barabara zetu hupata wekundu wake kutokana na oksidi za chuma, jamaa wa kutu. Kwa hiyo macho hukosea kwa urahisi. Lakini vumbi hutoka nje likatua: hukaa juu ya sehemu za ulalo, nyuma ya magurudumu na chini ya milango, na huoshwa na mvua. Kutu huzaliwa na chuma chenyewe na haioshwi. Aidha, rangi ya awali nyekundu ambayo mafundi huipaka chini ya rangi ya gari hupata wekundu wake mara nyingi kwa oksidi ya chuma. Ikichomoza mahali rangi ya juu ilipokwaruzika, si dalili ya kutu, bali ni kinga ambayo bado ipo.

Ili kupata vumbi la skeli, tikisa udongo katika chupa ya maji, subiri dakika moja mchanga utue, kisha mimina maji yenye tope katika chombo kingine na uyaache yakauke. Punje kubwa huzama upesi na ndogo hubaki zikielea; unga utakaopatikana ndio unaofaa.

Kutoka modeli hadi barabarani

Mwalimu atauliza: muda huu wote unatumiwa kwa ajili ya kigari cha kuwekwa kabatini? Hapana. Mwanafunzi aliyechora ramani ya metali na kuamua kutu ianzie wapi amejifunza kusoma chuma. Ataweza kuinama chini ya gari linalouzwa, akatazama maungio ya chasisi na kuyagonga kwa nyundo ndogo, asidanganywe na rangi mpya ya bodi. Ataitazama nguzo ya daraja pale inapoingia majini, msumari wa paa, na mguu wa tangi la maji la shule. Chasisi iliyoliwa kutoka ndani hukatika siku gari linapobeba watu, na wakati huo hakuna tena nafasi ya kujifunza. Heri macho yazoezwe mapema, kwa modeli yenye urefu wa kiganja.

Maswali ya mazoezi

1. Land Rover ya mwaka 1948 ilikuwa na umbali wa milimita 2032 baina ya vitovu vya gurudumu la mbele na la nyuma. Umbali huo ni milimita ngapi katika modeli ya 1:24? Na ya 1:43?

2. Eleza kwa nini kutu huanza zaidi kwenye maungio ya mabamba kuliko katikati ya bamba lililo wazi.

3. Mwanafunzi amepaka unga mweupe chini ya mlango wa modeli na kahawia kwenye chasisi. Mwenzake anasema amekosea, kwa kuwa gari lote hupata mvua ile ile. Nani yuko sahihi, na kwa nini?

4. Chagua kitu kimoja cha feleji katika uwanja wa shule. Kichore, kisha utabiri kwa maandishi kutu itaanzia wapi. Kikague kila mwisho wa muhula na ulinganishe na utabiri wako.